Daraja Lililogeuka Milango

Mwanangu wa kwanza alifia upande huu wa mto, na dawa ilikuwa upande ule. Sitasema zaidi juu yake. Waliotaka kulia walilia, na mimi nimechoka kumgeuza yule mtoto kuwa mazungumzo ya watu wanaosubiri ugali wa matanga. Namtaja ili anayesoma ajue kwa nini, alipozaliwa wa pili, msichana, sikuwa tena na subira na mtu yeyote.

Kijiji cha mume wangu kiko mguuni pa milima, upande wa Mbeya, juu kidogo ya mbuga inayoteremka kuelekea Chimala na mashamba ya mpunga. Mimi nimetoka Iringa. Nilisoma kwa masista hadi darasa la kumi, kisha nikaolewa, na elimu yangu ikakunjwa ikawekwa sandukuni pamoja na gauni la harusi. Huku waliniita Mama Vitabu, wala si kwa heshima. Nikimwaga ulezi katika kupepeta, wake wa shemeji zangu walisema, "Mwacheni, hilo halikuandikwa ubaoni."

Zamani motokaa zilipita papa hapa. Barabara ya kwanza ilichimbwa kwa majembe na watu walioshindwa kulipa kodi, ikazunguka chini ya milima, ikapita mbele ya nyumba ya baba mkwe wangu, ikavuka mto na kuendelea. Baadaye ikakatwa barabara mpya huko mbugani ng'ambo ya mto, imenyooka, na ya kwetu ikaachwa. Tangu hapo magari tunayaona kwa vumbi lake tu, mbali, kama moshi wa jiko la mtu mwingine. Kiangazi unauvuka mto kwa miguu, maji yanafika magotini. Masika hauvukiki. Na watoto wa huku huugua masika.

Basi mwaka ule aliozaliwa binti yangu, Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, alikuja akaitisha baraza. Akasema, karani wake akitafsiri, kwamba wananchi wakiifungua ile barabara ya zamani hadi ikutane na mpya, atatuma Landrova na dresa, mtu wa dawa na sindano, kila mwezi, masika na kiangazi, mpaka katikati ya kijiji. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga makofi mtoto akiwa mapajani, akashtuka akalia. Jumbe, mkuu wa kijiji, akashukuru kwa maneno marefu. Kisha kila mtu akaenda kwake.

Majembe hayakutoka. Ilisemwa tusubiri mavuno. Baada ya mavuno ilisemwa tusubiri harusi fulani ipite. Harusi ikapita, ukaja msiba. Nikaenda kwa jumbe kumkumbusha. Akanijibu kwa upole kwamba barabara ni kazi ya wanaume. Nikamwambia wanaume nimewaona kilabuni tangu asubuhi, labda barabara inapita huko. Mama mkwe wangu alipopata habari alikwenda kuniombea radhi, akiwa na kuku mkononi. Yule kuku nilikuwa nimemfuga mimi.

Ndipo nilipoamua kwenda kuiona hiyo barabara kwa macho yangu, nijue kimebaki nini. Mama mkwe akanifuata, akinung'unika kwamba mke wa mtu haendi porini peke yake na mtoto mgongoni. Alichukua panga, na kikapu cha uyoga, ili watu wakiuliza tuwe na jibu.

Nilidhani nitakuta pori. Nilikuta barabara. Nyasi zilikuwa zimeifunika hadi kiunoni, lakini chini ya nyasi mguu uliisikia: ngumu, pana, imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe ili maji yateremke pembeni. Kwenye kona waliikata milima, na ule ukuta wa udongo mwekundu ulikuwa bado unaonyesha alama za sururu. Mawe ya pembeni waliyokuwa wakiyapaka chokaa yalikuwa meusi kwa kuvu. Nililigeuza moja kwa kisigino, tumbo lake likawa jeupe pe. Kulikuwa na kalvati la saruji, na ndani yake miba ya nungunungu. Mbele kidogo tulikuta lori, au mifupa yake. Mti umeota pale alipokaa dereva na nyigu wamejenga kwenye injini.

Mama mkwe alikuwa akiijua njia kipande kwa kipande. Alisema alikuwa akimletea mumewe chakula kambini wakati wa kuchimba. Alinionyesha kilima alipokaa msimamizi. Alinionyesha mtaro ambao baba mkwe alichapwa kiboko kwa sababu haukunyooka, wakaufukia, wakauchimba upya. Nikauangalia. Umenyooka hata leo, kama umepigwa kwa rula. Alikuwa akisimulia bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza mvua ya mwaka fulani, na mimi ndiye niliyekuwa nikikasirika. Wamechapwa waichimbe, wamekufa homa kambini wakiichimba, na ilipochimbika ikatupwa kama ganda la muhindi. Nilimwuliza haimuumi. Akasema, "Ikiniuma nitafanyaje, mwanangu? Nitaikunja niipeleke wapi?"

Lakini nakiri kwamba kadiri tulivyotembea nilianza kuona kazi yenyewe ni ndogo. Kufyeka nyasi. Kukata miti michache. Kuzibua kalvati. Wanaume wa kijiji kizima wangeimaliza kabla vidole havijaota sugu. Nilikuwa nikipanga kichwani nitakavyomwambia jumbe, maneno ya adabu safari hii, tukatokea mtoni.

Nguzo za mawe zilikuwepo, nzima, hazina hata ufa. Juu yake vyuma viwili virefu, kutoka ukingo hadi ukingo, vina kutu lakini vinene kama mapaja ya mtu mzima. Na kati ya vyuma hivyo, hewa. Hapakuwa na ubao hata mmoja.

Nilisema maji yamechukua. Mama mkwe akacheka, kicheko cha kweli, akakaa chini akaweka kikapu. Akanieleza. Barabara mpya ilipofunguliwa, jumbe wa wakati ule, baba yake huyu wa sasa, alisikia kwamba watu wa ng'ambo wanazitamani mbao za daraja. Mbao za mninga, pana, za serikali. Akasema haiwezekani. Asubuhi moja akatoka na watu wake kuzing'oa, na ng'ambo nao walikuwa wametoka asubuhi ileile. Wakang'oa, hawa wakitokea huku, wale wakitokea kule, kila upande ukiharakisha, hadi wakakutana katikati ya mto, wakagombea ubao wa mwisho, ukawaponyoka, ukaenda na maji. Walirudi wakiimba. Hadi siku ile watu wa huku walikuwa na milango ya matete. Tangu siku ile wakawa na milango ya mbao, na binti akiposwa, wazee wake walitazama kwanza mlango.

"Na wewe," aliniambia, akimfuta mtoto kamasi, "unalala nyuma ya mbao tatu za hapa. Ndizo alizopata marehemu baba mkwe wako kwa kiboko chake."

Nilirudi kijijini nimekasirika lakini nina matumaini, na huo ndio mchanganyiko wa kijinga kuliko yote. Niliona jambo limekuwa jepesi. Mbao hazikupotea. Mbao ziko, nazijua zilipo, nazipita kila siku nikienda kisimani. Kila nyumba irudishe zake, tutandike nusu yetu, ng'ambo watandike yao. Nikaomba nisikilizwe barazani. Nikasema hivyo, kwa adabu niliyoipanga.

Hawakunicheka. Walinitazama kama mtu aliyetapika kanisani.

Niwaeleze wasiotoka huku, kama nilivyoelezwa mimi. Kwa watu wa mume wangu mlango hung'olewa mara moja tu: siku mwenye nyumba anapotolewa maiti. Enzi za matete waliung'oa wakambeba juu yake, kisha wakauchoma. Mbao walipozipata hawakutaka kuzichoma, kwa hiyo wakaanza kuung'oa, kumpitisha marehemu na kuurudisha, mrithi akiwa amesimama ndani. Kuung'oa mlango mtu akiwa hai ni kumtangazia kifo. Hakuna anayefanya hivyo hata kwa adui. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji nikiwaomba wote wajitangazie kifo, kwa ajili ya Landrova.

Mzee mmoja alisema kwa utaratibu kwamba pengine huko Iringa watu wanaishi bila milango. Hapo wakacheka. Jumbe akasema shauri limesikika.

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Wanawake nilidhani watanielewa, kwani nao wamezika. Jirani yangu, aliyezika watatu, alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa viazi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauegemea mlango wake kwa mgongo, mikono nyuma, kama vile nimekuja na nyundo. "Dada, watoto wamekwenda," alisema. "Unataka na baba yao aende?" Mwinjilisti wa Kilutheri, ambaye mbao zake si mlango bali mimbari, alisema hawezi kugusa mimbari bila ruhusa ya wakubwa wa kanisa. Nikamwuliza Bwana Yesu angeruhusu nini. Akaniambia nisimjaribu Bwana.

Mume wangu alikuwa kibarua katika kambi ya barabara mpya, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Alipokuja nilimweleza yote. Ni mtu mpole, sina ugomvi na tabia yake. Alisema nisubiri, serikali italeta mbao zake. Nilimwambia serikali imesema wananchi. Akasema basi nisubiri wananchi. Alipokwenda kuoga niliuangalia ule mlango. Mbao tatu, nilizozifunga na kuzifungua kila siku ya ndoa yangu. Sikuona mwenye nyumba akitolewa maiti. Niliona mtoto wangu wa kwanza, na nyuma ya mlango huu huu nilivyosubiri mto upungue.

Nikachukua shoka nikazing'oa bawaba.

Aliporudi na taulo shingoni alisimama uani. Hakunipiga. Wengi walisema baadaye kwamba angenipiga ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Mke wangu, umenitoa maiti nikiwa hai." Akavaa, akachukua koti lake, akarudi kambini jioni ileile, na hakulala tena nyumbani kwa muda mrefu.

Nilizibeba mbao kichwani mpaka mtoni, ubao mmoja kila safari, mtoto mgongoni. Hakuna aliyenisaidia. Mama mkwe hakutaka hata kuzigusa. Alitembea nyuma yangu mbali, analia kwa sauti ya chini, kama anayesindikiza jeneza. Nilizilaza juu ya vyuma nikazifunga kwa waya. Nikarudi nyuma kuangalia. Zilifunika nafasi inayotosha kulaza kitanda. Mbele yake vyuma vitupu viliendelea hadi ng'ambo. Wanawake wa upande ule waliokuwa wakifua waliinuka wakanitazama, mmoja akauliza kwa sauti mume wangu alikufa lini.

Upande wao kufyeka kulifanyika. Kwao ilikuwa kipande kifupi, kutoka mtoni hadi barabara mpya, na jumbe wao hakuwa mtu wa mchezo. Kwetu nyasi zilibaki zilivyo. Nyumba yangu nikaitundikia mkeka. Mbuzi waliingia wapendavyo. Watu wazima hawakuingia. Ukipika katika nyumba isiyo na mlango unapika chakula cha matanga, kwa hiyo hakuna aliyekula kwangu, hata wake wa shemeji zangu ambao hawajawahi kukataa cha bure.

Masika yakaja. Binti yangu alishikwa na kifua. Wanaojua wanajua: mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka, mtoto halii tena kwa sababu kulia kunahitaji pumzi. Kijiji kizima kilijua chanzo, ni mlango. Waliokuja kunipa pole walisimama nje ya mkeka wakaitazama nafasi ile, wakaondoka.

Siku moja asubuhi ikasikika honi. Bwana Shauri alitimiza ahadi yake. Hilo nitalisema daima, Landrova ilikuja. Nilikimbia na mtoto kwenye ile barabara, katika nyasi zilizolowa, mama mkwe nyuma yangu, na tulipofika mtoni ilikuwa imesimama ng'ambo, ya kijani, imepakwa tope hadi madirishani. Dresa alikuwa amefungua sanduku lake nyuma ya gari na akina mama wa upande ule wamepanga foleni chini ya turubai. Nilimwona kabisa akimchoma sindano mtoto wa mtu. Nilimwona akipangusa kwa pamba.

Niliita hadi akanisikia. Akaja ukingoni. Maji yalikuwa ya kahawia, yanapita na magogo, na kwa kelele yake tuliulizana kwa vipande vipande. Nikamwinua mtoto juu kwa mikono miwili aone. Akauliza anapumua haraka? Nikasema ndiyo. Akauliza ananyonya? Nikasema tangu jana hapana. Akageuka akautazama mto, juu na chini, kisha vyuma, kisha mbao zangu tatu. Akapiga kelele, "Anahitaji sindano, mama. Siwezi kuirusha."

Nilipanda juu ya mbao zangu. Zilikuwa imara, nilizifunga vizuri. Nilikwenda hadi zilipoishia, nikaweka mguu juu ya chuma. Kilikuwa kimelowa, kinateleza kama samaki. Mama mkwe alinishika mbeleko kwa nyuma, alinishika tu kwa uzito wake wote. Dresa alikuwa akinipungia mikono nirudi. Nilisimama pale, mguu mmoja kwenye ubao na mmoja kwenye chuma. Kisha nikarudi. Dresa akasema nimfukize kwa maji ya moto, nimkalishe wima, nimlete mto ukipungua. Akaendelea na foleni yake. Alikuwa na vijiji vingine vya kwenda.

Usiku wa siku ile sina la kusimulia. Nilimshikilia wima. Kulipokucha mama mkwe hakuwepo, na alirudi jua limepanda, amelowa mwili mzima, ana ubao wa kwanza kichwani. Yeye ambaye hakutaka kuzigusa. Nyuma yake shemeji zangu wawili na mbili zilizobaki. Sikuwa na nguvu ya kuwazuia. Wakazipigilia mahali pake, yeye akasimama ndani kama anavyosimama mrithi, akasema maneno ya kwao nisiyoyaelewa, akafunga.

Siku ya pili yake mtoto alinyonya.

Najua ninachokijua. Homa ya kifua ina siku zake, wengine huivuka, tulisoma hivyo. Naweza kusema nilimfukiza na kumkalisha wima kama dresa alivyosema. Naweza kusema hivyo kwa nani? Kijiji kizima kilihesabu: mlango ulitoka, mtoto akaugua, mlango ulirudi, mtoto akapona. Hata mimi ningekuwa wao ningehesabu hivyo. Mume wangu alikuja kutoka kambini, akaushika mlango kwa kiganja, akaingia, akalala kwake. Wake wa shemeji zangu wakaja kula. Jirani yangu aliyezika watatu aliniletea viazi akanikumbatia, analia kwa furaha ya kweli, na nilikaa mikononi mwake kama gogo.

Jumbe alinikuta njiani. Hakunisimanga. Aliniambia kama baba, "Umeona sasa, mama. Tulikuwa tunakulinda." Na mimi, mwenye mdomo wangu wote huu, nikainamisha kichwa nikapita.

Kwa maana nilichokifanya ni hiki. Kabla yangu walikuwa na desturi tu, na desturi huweza kubishaniwa. Wenyewe walikwisha kuibadili walipoacha kuchoma. Sasa wana ushahidi, na ushahidi wenyewe unatambaa uani kwangu, mnene, ana meno mawili. Mama yeyote atakayewaomba mbao baada yangu ataonyeshwa binti yangu.

Landrova ilikuja mara mbili tena, ikapiga honi ng'ambo. Bwana Shauri yule alihamishwa. Mpya aliuliza habari ya barabara ya zamani, akaambiwa upande wa huku watu hawana haja nayo, na katika baraza lile nilisimama niseme, mama mkwe akanivuta kanga. Nilimtazama. Ni yeye aliyenishika nisizame, ni yeye aliyezama hadi shingoni chini ya vyuma kuzifungua zile nyaya. Sikuweza kuuondoa mkono wake. Nikakaa.

Mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwangu amezika mtoto wiki hii. Kifua. Mlango wake haujawahi kung'olewa, na hakuna aliyeuliza kitu juu ya mlango. Walisema ni mapenzi ya Mungu, nikawasaidia kupika.

Mimi nina mimba tena. Mume wangu amefurahi, anataka mvulana. Mama mkwe amekwisha kupima kwa macho na kusema atazaliwa mvua zikiwa zimekolea, na hajawahi kukosea.